Kuzimika si Kuzima

Mlango wa Bi Somoe umevimba kwa masika.
Wiki ya pili sasa anaufunga kwa nyonga
na kuufungua kwa matusi.
Tumeubeba wawili, mimi na Shekuwe,
kutoka Mkomani hadi karakana ya Langoni,
tukipishana na punda wa saruji
katika kichochoro kisichotaka mtu mnene.

Bambakofi. Mzito kama deni.

Shekuwe ana randa ya umeme, mpya,
mjomba wake kamletea kutoka Mombasa,
ingali inanuka boksi.
Anaishika kama mtoto wa watu.
Namwonyesha mkono wangu wa kulia,
kidole cha shahada kilichoishia njiani.
Nikikaa attahiyatu, namwambia,
huinua nusu.

Kwanza tafuta chuma.
Mlango huu umepigwa misumari na mafundi watatu, wote marehemu,
na kila mmoja alidhani wake ndio wa mwisho.
Pitisha sumaku. Pitisha kiganja, taratibu.
Hapo, chini ya rangi ya kijani.
Msumari ukiuona kwa jicho, utaung'oa kwa koleo.
Ukiukuta kwa randa, utakung'oa wewe.

Kisha nyuzi: zinalalia wapi?
Paka humpapasi kuelekea kichwani.
Mbao nayo ukiipapasa kinyume hukuparura,
tena huparuka yenyewe, na aibu ni yako.

Bana kwa jiliwa. Bana tena.
Usiniambie Twalib ataushika;
Twalib ana simu mfukoni.
Miwani machoni. Kikoi vua, vaa suruali:
kikoi kina ncha, na ncha hupenda kinachozunguka.
Waya upite begani, ubaki nyuma yako.
Chochote kinachoitangulia randa, randa hukila.

Kina, robo milimita.
Nusu ni ya mwenye haraka
na mlango wa jirani.

Washa, iache ifikie sauti yake,
ndipo uiguse mbao.
Ukianza, uzito mbele. Ukimaliza, uzito nyuma.
Katikati usikandamize kitu, tembea nayo tu.
Ukingo wa chini ni vichwa vya nyuzi:
ingia kutoka kona hii kuja kati,
na kutoka kona ile kuja kati,
usitokee nje, utaipasua.

Akaanza. Mkono ukitetemeka, kisha hautetemeki.
Maranda yakamwagika miguuni, membamba,
na harufu ya pilipili manga iliyosahauliwa kabatini.
Mara moja. Mara mbili.
Mara ya tatu hakufika mwisho.

Mtaa mzima ulikata pumzi:
feni, friji, redio ya kinyozi.
Shekuwe akailaza randa mezani,
akapangusa uso, akashika njia kwenda kununua kahawa.

Umezima?

Si imezimika?

Nikamwita arudi.
Kuzimika si kuzima, ndugu yangu.
Mimi niliilaza hivyohivyo,
nikaegemea meza hii hii,
nikawa nasimulia harusi ya watu, hata yangu si yangu.
Umeme haupigi hodi.
Haukai barazani ungoje kuitikiwa karibu.
Uliingia, na randa ikatembea mezani yenyewe
kwa upande, kama kaa,
na mkono wangu ulikuwa njiani.

Hakujibu. Akabonyeza swichi.
Akachomoa plagi,
akauweka ule waya palipo macho ya wote.
Kahawa ikasahaulika.

Kabla ya adhuhuri redio ya kinyozi ikapiga ukelele,
feni zikakohoa vumbi.
Randa haikusema kitu.
Shekuwe akaitazama muda mrefu
kama mtu anayemtazama mbwa aliyemjua jana tu.

Jioni tumeurudisha, tumeutia bawabani.
Bi Somoe ameusukuma kwa kidole kimoja,
kizima,
nao umefunga, kimya.
Ameufungua. Ameufunga tena.
Kisha akauliza mbona rangi imebanduka pale chini,
akanikata shilingi mia mbili.